Gunia lina namba, abiria hana: historia ya makaratasi kwenye barabara ya Masisi na Walikale

Leo tuzungumze juu ya kitu tunachopanda kila mara bila kukiuliza maswali: lori. Kutoka Sake kupanda Mushaki, Bihambwe, Katale, Masisi-centre, Nyabiondo, Kashebere mpaka Walikale-centre, kila gunia la maharagwe, kila katoni ya sabuni na kila mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo anabebwa na gari ya mtu fulani. Sasa, katika historia ya barabara hiyo, ni nani aliwahi kuandika gari hiyo ni ya nani, breki zake zinashika ao hazishiki, na ikianguka nani analipa?

Tuseme ukweli. Kwetu makaratasi hayakukosa hata siku moja. Dereva wa Fuso anatembea na bahasha nzima ya makaratasi. Lakini ukiyafuata makaratasi hayo tangu zamani hadi leo, utaona kwamba karibu yote yanauliza mambo mawili tu: umebeba nini, na umelipa ngapi. Swali la tatu, kama gari yenyewe inafaa kubeba watu, limebaki bila mwenye kuliuliza. Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuipitie pamoja, hatua kwa hatua.

1. Wakati kampuni ilikuwa na gereji yake

Tuanzie kwenye madini, kwa sababu madini ndiyo yaliyofungua sehemu kubwa ya njia zetu. Mwaka 1976 makampuni kadhaa ya madini yaliyotokea wakati wa ukoloni yaliunganishwa kuwa kampuni moja, SOMINKI, iliyofanya kazi Kivu na Maniema. Kampuni ya namna hiyo ilikuwa na malori yake, madereva wake wa mshahara, mafundi wake na gereji yake. Gari ikiharibika, kulikuwa na daftari la kuandika kilichoharibika. Gari ikiua mtu, kulikuwa na ofisi ya kwenda kugonga mlango.

Isieleweke kwamba nasifu zamani. Daftari lile lilikuwa la kulinda mali ya kampuni. Halikuwekwa kwa ajili ya mwanakijiji anayetembea kando ya barabara. Lakini lilikuwepo, na mwenye gari alijulikana.

Halafu ikaja Oktoba 1985. Baraza la kimataifa lililokuwa likishikilia bei ya bati liliishiwa na pesa, biashara ya bati ikasimamishwa London, na bei ikaanguka vibaya. Kwa mtu wa Walikale hiyo haikuwa habari ya mbali. SOMINKI ilianza kufa polepole, migodi ikaachiwa wachimbaji wa mkono, na katika miaka ya 1990 kampuni ikafutwa kabisa. Malori yake yakachakaa, gereji zikafungwa. Usafiri ukahamia kwa wafanyabiashara mmoja mmoja: huyu ana Fuso moja, yule ana mbili, mwingine amekodi ya shemeji yake. Wao ndio walioendelea kushusha Goma maharagwe, viazi, ng'ombe na jibini la Masisi. Tuwape heshima yao, bila wao tungekula nini? Lakini pale ndipo daftari la gari lilipopotea. Mwenye gari moja hana ofisi, na gereji yake iko chini ya mti.

2. Sheria ilikuwepo

Mtu anaweza kusema: basi, hakukuwa na sheria. Hapana. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 inalazimisha kila gari yenye injini iwe na asiransi ya kulipa wale itakaowaumiza. Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ndiyo kodi ya barabara, na inasema gari iwe katika hali gani na dereva awe nani. Kampuni ya serikali ya asiransi, SONAS, ilianzishwa mwaka 1966 na ikabaki peke yake sokoni kwa karibu nusu karne, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungulia makampuni mengine mlango.

Tutazame makaratasi yenyewe, kwa sababu kila moja lilizaliwa kujibu swali. Karte rozi inajibu: gari ni ya nani? Leseni inajibu: huyu anajua kuendesha? Asiransi inajibu: akigonga mtu, nani atalipa? Kontrol teknik inajibu: breki, taa, matairi na usukani vinafaa? Vinyeti inajibu: umelipa ushuru wa mwaka huu?

Sasa kumbuka miaka ya 1990: mshahara wa mtumishi wa serikali umekuwa karatasi tupu, ofisi haina mafuta, haina hata kalamu. Katika hali hiyo kila karatasi inageuka kuwa vinyeti. Kontrol teknik inakuwa muhuri unaonunuliwa, gari yenyewe imebaki imeegeshwa parkingi, hakuna aliyefungua boneti. Asiransi inakuwa kipande cha kubandika kwenye kioo ili polisi wa barabarani asikusimamishe. Dereva akisema, "Niko na makaratasi yote, mukubwa," anasema kweli. Lakini makaratasi hayo yanaonyesha kwamba amelipa. Kama amekaguliwa, hayasemi.

3. Ndege zilizotua juu ya barabara

Vita vilipokuja, barabara ya Walikale iliharibika mpaka mahali pengine lori lilikuwa linalala wiki katika tope. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo vijana wengi wanalisikia kama hadithi. Karibu mwaka 2002 kasiterite iligunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Katika miaka iliyofuata Bisie ilitoa sehemu kubwa ya kasiterite yote ya Kivu Kaskazini, wengi walitaja asilimia 70. Wabebaji walitoka mgodini na mizigo ya kilo 50 mgongoni, wakitembea siku mbili hivi msituni mpaka Njingala. Njiani walilipa askari, na mpaka mapema 2009 wakubwa wa mahali pale walikuwa brigedi ya 85 ya jeshi. Kutoka Njingala mzigo ulikwenda Kilambo. Na pale Kilambo, juu ya kipande cha lami cha barabara ya taifa namba 3, ndege zilikuwa zinatua.

Ndiyo, barabarani. Watu na pikipiki walisimamishwa, ndege ndogo ya mizigo ikashuka, ikapakia kasiterite tani mbili hivi, ikaruka tena kwenda Goma. Wakati wa bei nzuri zilitua nyingi kwa siku moja. Zilipokuja zilileta bia, sabuni, samaki wa kopo na nguo.

Kwa historia yetu ya makaratasi, kuna jambo la kuangalia hapa. Ndege ile, hata kama ilikuwa mzee, ilikuwa na herufi kubwa ubavuni zikianza na 9Q. Hiyo ni alama ya Kongo katika daftari la dunia la ndege. Mtu yeyote akiandika herufi zile anaweza kuuliza: ndege hii ni ya nani, ilitengenezwa lini, nani aliipa ruhusa kuruka? Na watu waliuliza. Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya makampuni ya ndege yaliyokatazwa kuingia Ulaya, na ya Kongo yalijaa humo. Sababu haikuwa ndege mbovu peke yake. Ilikuwa kwamba mamlaka ya nchi iliyopaswa kukagua haikuaminika kwamba inakagua.

Marufuku ya Ulaya haikumwokoa mtu wa Goma. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka ikaangukia Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 ndogo ya Busy Bee, iliyokuwa inakwenda Beni, iliangukia Mapendo. Lakini angalau ndege ikianguka jina la mwenyewe linajulikana saa ile ile, na kuna daftari la kufungua. Lori likianguka kwenye miteremko ya Masisi, tunajua nini? Rangi yake, na maandishi ya Mungu yaliyo mbele ya kabini.

4. Bariere: chuo kikuu cha risiti

Tufike sasa kwenye kitu tunachokijua wote, bariere. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, wakiwa na Peer Schouten na wenzake wa hapa kwetu, walizunguka Kivu mbili wakihesabu vizuizi vya barabarani. Walipata 798. Vingine ni vya jeshi na polisi, vingine vya huduma za serikali, vingine vya vikundi vyenye silaha, vingine vya vijiji vinavyosema vinatengeneza daraja. Kichwa cha ripoti yao kilisema kwamba kila kinachotembea kitalipishwa, na sisi tuliosoma tukitembea kwa miguu tunajua hawakutia chumvi.

Vizuizi 798 ni sawa na wakaguzi 798. Hebu fikiri: kama kila kimoja kingeangalia tairi moja tu, barabara zetu zingekuwa salama kuliko za Ulaya! Lakini kamba inashushwa kwa sababu nyingine. Kwenye bariere wanahesabu magunia, wanahesabu vichwa vya watu, wanapokea franga. Pengine unapewa jetoni, kile kikaratasi kinachothibitisha kwamba umelipa mwezi huu, na usiku ukilala na kijiji unachangia "lala salama". Pengine hakuna karatasi, kuna "acha kitu ya kahawa" tu.

Jambo la ajabu ni kwamba bariere ina athari kwenye breki. Mwenye lori anapiga hesabu ya safari: mafuta, dereva, bariere, kisha faida. Mafuta hayapungui, bariere hazipungui. Kinachoweza kupungua ni matengenezo, na kinachoweza kuongezeka ni mzigo. Kwa hiyo gari ya tani saba inabeba kumi na zaidi, na juu ya magunia wanapanda watu ishirini ili walipie bariere. Tukiona lori limelala ubavu tunasema "dereva alikuwa analewa". Pengine ndiyo. Lakini ukifungua hesabu zake, utakuta breki zilishaliwa njiani kabla ya mteremko.

Kuna hata pesa iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya 2008, na unakula kutoka kwenye mafuta na kwenye peaji. Kwa hiyo lori la Walikale linachangia barabara kila linapojaza tanki, halafu linachangia tena kwenye kila kamba. Barabara yenyewe unaijua.

5. Namba kwenye gunia

Mwaka 2010 dunia iliamua kuangalia madini yetu kwa karibu. Julai ya mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kinayalazimisha makampuni yake kueleza kama madini yao yanatoka kwenye maeneo ya vita ya Kongo. Tarehe 11 Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Familia nyingi za Walikale hazijasahau miezi ile sita.

Kutoka hapo ulizaliwa ufuatiliaji wa madini. Mwaka 2014 mfumo wa iTSCi ulianza Rubaya. Gunia la koltani lilipimwa, likafungwa kwa lebo yenye namba yake, namba ikaandikwa kwenye daftari, kisha kwa mnunuzi likaandikwa tena. Nadharia ilikuwa kwamba mtu aliyekaa mbali sana angeweza kujua gunia lile lilitoka shimo gani na siku gani.

Mimi sisemi mfumo ule ulikuwa safi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya lebo zilizouzwa na madini yaliyochanganywa. Hoja yangu ni nyingine. Mfumo ule ulionyesha kwamba daftari linawezekana hata Masisi, hata penye tope, hata penye bunduki. Waliwekwa watu, vikaletwa vitabu, zikalipwa pesa, na gunia likapata kitambulisho. Tazama lori lile lile lilipokuwa linashuka: gunia chini lilikuwa na namba, na kijana aliyekaa juu ya gunia hakuwa na jina lililoandikwa popote. Gari ikipinduka, gunia lingetafutwa kwa namba yake. Kijana angetafutwa na mama yake kwa simu, akiuliza huyu na yule kama wamemwona.

6. Bei ya kutoandika

Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kwenye barabara ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Mafuta yakamwagika, watu wakakimbilia kuchota, wengine walikuwa jirani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Tarehe 3 Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya ziwa. Mashua MV Merdi ilitoka Minova ikazama karibu na Kituku, watu wakiiona kutoka ukingoni. Kwa nini watu wale walikuwa majini? Kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake, na lori waliyozoea halikupita tena. Gavana wa Kivu Kusini alisema ndani walikuwa watu 278. Ilikuwa mashua ya watu 80 hivi. Namba ya waliokufa ilibadilika kila mtu aliposema, kwa sababu huwezi kuhesabu waliopotea kama hukuandika waliopanda.

Huko ni barabarani na huku ni majini, lakini ugonjwa ni mmoja. Bila daftari la chombo, hakuna anayezuiwa kabla. Bila orodha ya abiria, hakuna anayelipwa baada. Mjane anaambiwa alete ushahidi kwamba mume wake alikuwa ndani ya gari. Atautoa wapi?

Na sasa imeongezeka shida nyingine. Tangu Januari 2025, Masisi-centre kisha Goma zilipoingia mikononi mwa M23, na Walikale-centre ikapita katika vita mwezi wa Machi, gari inayotoka upande mmoja kwenda mwingine inakutana na wenye mamlaka wawili. Wote wanajua kupokea ushuru. Wa breki bado hatujamwona.

7. Basi tufanye nini?

Wengine watasema: ukikagua kwa ukali, hakuna lori litakalobaki barabarani, na bei ya chumvi Walikale itapanda mara mbili. Hoja hii ni ya kweli, tusiidharau. Kenya waliionja Februari 2004, waziri John Michuki alipoanza kulazimisha matatu ziwe na mikanda na vifaa vya kupunguza mwendo, na madereva wajulikane. Siku za kwanza gari zilipotea barabarani, watu wakatembea kwa miguu, nauli ikapanda. Mambo yalitengenea kwa muda, kisha ukaguzi ulipolegea ajali zikarudi. Fundisho lake ni kwamba kukagua kwa kishindo bila daftari la kudumu hakukai. Marekani kwa upande wao kila kampuni inayobeba mizigo kutoka jimbo moja kwenda lingine ina namba, na mtu yeyote akiiandika kwenye intaneti anaona ukaguzi wake na ajali zake. Polisi anaiona, na mwenye mzigo pia anaiona, halafu anachagua.

Sisi hatuna uwezo wa kufungua kituo cha kukagua breki Nyabiondo kesho. Lakini kuandika tunaweza, ndiyo kazi tuliyosomea. Naona mambo matatu.

La kwanza, parkingi. Kwenye kila parkingi, Sake, Masisi na Walikale, kiwekwe kitabu kimoja: plake, jina la mwenye gari, jina la dereva, majina ya abiria na simu ya ndugu mmoja. Kalamu na kitabu, na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri. Vyama vya madereva vikikubali, mwezi mmoja unatosha kuanza.

La pili, wenye mizigo. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya kusafirisha mizigo kwa barabara inamfanya mbebaji awajibike tangu anapopokea mzigo hadi anapoutoa. Inahitaji barua ya mzigo yenye majina ya pande zote mbili. Mama anayetuma magunia kumi ya maharagwe ana haki ya karatasi hiyo. Nyinyi mliosoma sheria, mwandikieni kielelezo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na mwonyesheni pia jinsi ya kuuliza namba ya usajili wa biashara ya yule anayembebea.

La tatu, kumbukumbu. Kila ajali kwenye barabara yetu iandikwe: tarehe, mahali, gari, mzigo, waliokufa, sababu iliyoonekana. Tusingoje serikali. Ikipita miaka mitano tutakuwa na kitu ambacho hakijawahi kuwepo tangu SOMINKI ilipofunga gereji yake, yaani daftari la gari za kwetu. Lile la kwanza lililinda mali ya kampuni. Hili litatulinda sisi.

Wazee wetu walibeba kilo 50 msituni na kila mwenye bunduki akaandika mzigo wao. Hakuna aliyeandika majina yao. Sisi tumepata shule ambayo wao hawakuipata. Basi tuanze kuandika majina.